Kibanda cha Milango Miwili

Kilburn, London
13 Oktoba 2024

Dada Vaileth,

Shikamoo. Naamini wewe na shemeji na wote hapo Tukuyu hamjambo. Mimi mzima, ila magoti yameanza kunidai. Kazini kwenye nyumba ya wazee tunaendelea. Kuna bibi mmoja ananiita George na nimechoka kumsahihisha, siku hizi naitika tu. Baridi imeingia na mwenye nyumba bado anatuahidi boila mpya ya kupasha nyumba joto.

Najua utasema, barua ya nini wakati simu ipo. Dada, simu yako ukiipokea unaiweka spika, na jirani aliyekuja kuomba chumvi anakaa chini kabisa asikilize. Hili ninaloandika halisemeki kwa mdomo. Hata kwa kalamu nimelizunguka siku nyingi.

Ni habari ya mke wa Humphrey.

Tangu waoane nimeshika tulivyolelewa. Baba mkwe na mkamwana hawatazamani, hawaitani majina, hawakai pamoja wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Mama Humphrey angekuwa hai angesimama katikati yetu, apokee neno la huku alipeleke kule. Hayupo. Kwa hiyo wakija Jumapili kutoka Peckham mimi naingia jikoni, nawapakulia, halafu nakula nimesimama karibu na sinki. Humphrey ndiye anayebeba sahani. Yule binti namjua kwa viatu. Kipindi cha baridi ana buti za kahawia, kiangazi raba nyeupe.

Sasa juzi Humphrey alikuja peke yake. Akakaa bila kuvua koti, akasema, "Dad, she cries. Every Sunday, on the bus." Mkewe hulia kwenye basi wakirudi kwao. Anadhani namchukia kwa sababu ni Mzungu. Nilitaka kumweleza mwanangu, nikaona aibu. Nitamwambiaje kijana aliyezaliwa hapa hapa kwamba ninavyomkimbia mkewe ndivyo ninavyomheshimu? Nilimwuliza kama atakunywa chai.

Kuna zaidi. Aprili wanahamia Finland, kwao binti, moja kwa moja. Na huko baba yake huvua samaki juu ya ziwa lililoganda, wanatoboa tundu na kukaa. Binti ameomba jambo moja tu: Februari twende sote, na mimi ndiye nichague kibanda cha barafu, cha kwanza watakachomiliki. "Achague Baba," alisema, "tukae humo watatu." Humphrey kanionyesha picha. Ni hema la kubebeka, upana wake kama magodoro mawili. Nisipokwenda, asema, nisijisumbue kuwasindikiza uwanja wa ndege.

Niende nivunje mwiko, au nibaki nimpoteze mtoto? Nishauri, wewe ndiye mkubwa wetu uliyebaki.

Mdogo wako,
Lusajo


Tukuyu
10 Novemba 2024

Mdogo wangu Lusajo,

Marahaba. Barua yako imefika, imepita ofisi ya kanisa na wamekwisha kuipapasa kuona kama ina kitu ndani. Sisi tupo. Mvua zimeanza vizuri, ndizi zipo, mtoto wa Subilaga ameota meno mawili na anauma kila mtu. Subilaga, mkamwana wangu, anakusalimu. Shemeji yako yupo, anaota jua barazani.

Nikueleze ulivyoniua. Nilianza kusoma katikati kama kawaida yangu, jicho likaangukia "kibanda cha barafu". Lusajo! Nikajifungia chumbani. Nikasema mdogo wangu na mvi zake, amesoma mpaka Uingereza, leo anauza barafu za ukwaju kwenye vimfuko kama watoto wa hapa shuleni. Nililia kidogo. Nikawaza hata ni nani wa Tukuyu aliyepita hapo akakuona. Ndipo nikarudi mwanzo nikasoma yote, nikakuta ni afadhali ungekuwa unauza barafu.

Nenda. Mtoto hapotezwi kwa sababu ya hema. Lakini mwiko usiuguse. Mkataa kwao ni mtumwa, na huko ulipo umeshapunguza mengi sana: Kinyakyusa hukumfundisha Humphrey, msiba wa baba mdogo uliuona kwenye simu. Hili moja lishike. Kama Wazungu wameweza kutengeneza nyumba ya kubeba mgongoni, hawashindwi kuweka ukuta katikati yake. Tafuta yenye ukuta. Wewe huku, wao kule, samaki wapite chini, wao hawana ukwe.

Na usimweleze binti wa watu. Mambo haya hayafundishwi kwa maneno, yanaonekana kwa matendo. Sisi nani alitueleza? Tuliona mama anavyoruka mfereji akimwona babu anakuja.

Vaa soksi mbili.

Dada yako,
Vaileth


Kilburn
1 Desemba 2024

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake. Siuzi barafu, dada. Ila heri kuuza kuliko kuchagua kibanda chake, maana sikujua duniani kuna watu wanaobishana juu ya vibanda vya barafu kama tunavyobishana juu ya Simba na Yanga.

Nilikwenda kwa Ajay, Mhindi wa Dar mwenye duka la vifaa vya kambi na uvuvi huku kwetu. Kazaliwa Upanga, na Kiswahili chake kimekaa pale pale kilipokuwa siku alipopanda ndege. Nilipomweleza ninachotaka alivua miwani.

"Kaka, Kilburn barafu iko ndani ya friji tu. Unavua wapi?"

Nikamwambia Finland. Akafungua kompyuta akanipa darasa. Kuna vya sleji, kile kigari kisicho na magurudumu cha kuburuta juu ya theluji: kiti kiko juu ya sleji, kitambaa unakivuta nyuma kama kofia ya koti kikufunike. Hivyo ni vyepesi, unahama tundu hadi tundu, lakini ni vya mtu mmoja au wawili wanaopendana. Kuna vya kufutuka, unavuta kamba katikati ya kila ukuta na unasimama wenyewe, kama mwavuli. Hivyo ni vipana, ila upepo ukivipata kabla hujavifunga kwa skrubu kwenye barafu, utavifukuza ziwa zima. Halafu kuna vya kitambaa kimoja na vya kitambaa chenye pamba ndani. "Chukua vya pamba," alisema, "wewe ni mtu wa Mbeya, baridi ya Mbeya ni mzaha." Na matundu ya hewa, kaka, matundu ya hewa lazima, kwa sababu ya hita ya gesi. Ukiziba umelala na huamki.

"Mnakaa wangapi?"

"Watatu. Mimi, mwanangu, na mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Mkwe."

Nikamwuliza kama kuna chenye ukuta ndani. Ukuta wa nini, akauliza. Nikasema wa kuzuia upepo.

"Kaka," alisema taratibu, "kibanda chote ni cha kuzuia upepo."

Niliangalia ndoano zake ukutani, uso unaniwaka. Alinionea huruma akatafuta. Kimoja kipo, kikubwa, kina milango miwili na pazia zito la zipu katikati. Wametengeneza kwa ajili ya wanaotaka kulala upande mmoja na kuvua upande wa pili. Lakini kanionya: ukifunga pazia, hita inapasha upande wake tu, upande mwingine watu wataganda.

Kwa hiyo viko vitatu. Kile cha kwenye picha ya Humphrey, ambacho binti mwenyewe alikitia alama, cha watu watatu, wazi, goti kwa goti. Kidogo cha sleji, nikae peke yangu mbali nao kama mchawi. Au hiki cha milango miwili. Moyo wangu, nikwambie kweli, mara nyingine unakwenda kwenye kile cha kwanza, na naona haya kukuandikia hivyo.

Shemeji vipi? Siku zote huongeza mstari wake chini ya barua yako, safari hii sikuuona.

Lusajo


Tukuyu
28 Desemba 2024

Lusajo,

Marahaba. Krismasi imepita salama, tulichinja jogoo mmoja tu.

Cha milango miwili. Usinirudishie tena habari za moyo.

Shemeji yako mkono unamuuma ndiyo maana hakuandika.

Vaileth


Kilburn
19 Januari 2025

Dada,

Shikamoo na heri ya mwaka mpya. Barua yako ilikuwa fupi hata nikageuza nyuma kutafuta iliyobaki. Kama nimekukera nisamehe.

Nimenunua cha milango miwili. Humphrey hajui habari ya pazia, limekunjwa juu darini na kufungwa kwa mikanda, huwezi kuliona mpaka lishuke. Juzi nilikisimamisha sebuleni ili nijifunze. Nilivuta kamba ya kwanza, ukuta ukaruka ukaangusha taa. Kilipomaliza kufutuka kilikuwa kimejaza chumba chote, mimi nimebanwa kati ya kibanda na dirisha, basi linapita barabarani na watu wa ghorofa ya juu wananitazama. Nilichagua upande wangu, nikakaa kwenye kiti, nikashusha pazia. Nilikaa humo nikajiuliza nitamwambia nini mkwe mwenzangu, baba yake binti.

Tunaondoka tarehe kumi na nne Februari. Uniombee.

Huu mkono wa shemeji unaouma, ni upi? Umempeleka hospitali? Niambie, dada.

Lusajo


Tukuyu
6 Februari 2025

Mdogo wangu Lusajo,

Salamu. Leo siandiki habari za mvua.

Simu nimeishika mara nyingi nikairudisha mezani. Mchungaji anakwenda Dar kesho, nampa barua hii aitie posta ya huko, labda itakuwahi kabla hujaondoka.

Shemeji yako hana mkono unaouma. Alianguka Agosti, kiharusi. Upande wa kulia wote umelala, na maneno yamemtoka, amebakiwa na mawili matatu. Nilikuandikia kwamba anaota jua barazani. Ni kweli anaota, lakini ni sisi tunaomtoa na kumrudisha. Nilificha kwa sababu ya kitu kingine kilichokuja na ugonjwa wenyewe, na hicho ndicho kilichonishinda kukiandika.

Mgongo wangu unaujua. Wiki ya kwanza nilijaribu kumnyanyua peke yangu, tukaanguka wote bafuni. Kijana wangu yuko Chunya migodini. Nani alikuja? Subilaga. Alikuwa nje ya mlango siku hiyo, amegeukia ukuta kama ilivyo desturi, akasikia kishindo. Akaniita, "Mama, niingie?" Nikamwambia usiingie. Shemeji yako yuko chini, uchi, analia. Akauliza tena. Nikamwambia tena usiingie. Mara ya tatu hakuuliza.

Tangu siku hiyo Subilaga ndiye anayemwogesha baba mkwe wake. Anamlisha, anambadilisha, anamwita "mzee wangu". Siku ya kwanza shemeji yako alifumba macho mwanzo hadi mwisho. Sasa hivi kati ya maneno aliyobakiwa nayo moja ni jina lake. Jina langu limepotea, la Subilaga lipo.

Niliona aibu, Lusajo. Niliona kwamba nyumba yetu imevuliwa nguo. Barua yako ilipokuja nikasema, basi angalau kwa Lusajo mambo yabaki safi, hata kama ni Ulaya kwenye barafu. Nikakulazimisha wewe ulinde kitu ambacho kwangu kilishavunjika mlangoni mwa bafu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimezaa, lakini nimekufundisha wewe kuficha.

Na wewe huko unaogesha bibi za Waingereza kila asubuhi, sijawahi kusikia umeona haya.

Usilifunge hilo pazia. Kwetu mwiko wa mkwe anaufungua baba mkwe mwenyewe, nilimsikia mama akisema: anampa mkamwana nguo na kumwita kwa jina. Basi. Hakuna la zaidi. Fanya hivyo kabla hawajaondoka.

Nisamehe.

Dada yako,
Vaileth


Kilburn
23 Februari 2025

Dada Vaileth,

Shikamoo. Nimerudi jana. Barua yako sijaiona, kuna rundo la matangazo mlangoni sijalipekua, sina nguvu. Nakuandikia kwanza kwa sababu nisipoandika leo sitaandika tena.

Walitupokea vizuri. Baba yake binti ni mtu mrefu asiye na maneno, alinishika mkono akautikisa muda mrefu. Mama yake alikuwa ametandika kitanda changu kwa mablanketi manne. Habari za bafu lao la mvuke, ambako familia nzima huingia kama ilivyozaliwa, sitaandika. Nilisema nina mafua.

Asubuhi tukaenda ziwani. Dada, ni uwanja mweupe usioisha, na unatembea juu yake kama mtu asiye na akili. Mzee alikuwa ametangulia na keekee yake kubwa, ametoboa matundu matatu, karibu karibu, kwenye mstari. Aliyapima ili watu watatu wakae goti kwa goti.

Humphrey na mkewe walivuta kamba wakicheka, kibanda kikafutuka mara moja, wakakifunga kwa skrubu. Mzee akakizunguka, akapapasa kitambaa, akaniinulia kidole gumba. Nilijisikia mtu. Halafu mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikafungua mikanda ya dari na pazia likaanguka katikati.

Binti alidhani limeshuka kwa bahati mbaya. Nikaona buti zake zinasogea, mikono inaanza kulikunja. Nikasema, "No. Leave it," aliache. Humphrey akauliza, la nini hili? Wazazi wa binti wamesimama mlangoni. Kiingereza changu cha miaka yote hii kilinikimbia, nikasema neno la kwanza nililolipata: "For her. She sits there. I sit here." Yeye akae kule, mimi huku.

Mzee alitazama matundu yake matatu. Pazia lilikuwa limepita kati ya la pili na la tatu. Yeye na mkewe wakarudi nyumbani taratibu, na binti akaingia kwa mlango wake, Humphrey akamfuata. Mimi nikaingia kwa wangu.

Hita ilikuwa upande wangu. Nilisahau, dada, nakuapia nilisahau. Ajay alinionya na nikasahau. Mimi nilikuwa nimelegeza koti, na upande wa pili nilisikia meno ya mwanangu yakigongana. Nilitaka kuisukuma ipite chini, lakini ni ya moto na kitambaa kile kingeshika. Nilitaka kuita. Kumwita nani, na kwa jina gani? Nikabaki nimeshika kijiti changu cha kuvulia kama sanamu.

Halafu pazia likainuka kidogo chini, mkono wenye glavu ukasukuma kikombe juu ya barafu. Kahawa. Kahawa ya moto ilitoka upande wa baridi kuja upande wa moto. Nilikichukua mkono ulipokwisha kurudi. Sikusema asante, kwa sababu mkamwana hasemeshwi. Niliinywa yote na machozi yananitoka, na samaki akashika ndoano, mdogo, ana mistari, nikamtoa, na sikuwa na wa kumwonyesha.

Siku zilizobaki nilikaa chumbani na mafua yangu.

Kwenye gari kwenda uwanja wa ndege, tukiwa wawili, maana yeye na mkewe walibaki siku chache zaidi, nilimwambia Humphrey yote. Desturi, mwiko, mama anayeruka mfereji. Kisha akasema, kwa Kiswahili, yeye ambaye hunijibu Kiingereza tangu awe na miaka sita: "Baba, kwa nini hukusema?" Nikamwambia haya haisemwi. Akaniambia miaka yote hii amekuwa akimdanganya mkewe kwamba nina ugonjwa wa macho, siwezi kutazama mwanga, na mkewe hakumwamini.

Nimefanya ulivyoniambia, dada. Sikulaumu. Ila sijui kama nimelinda heshima au nimeizika kule ziwani. Naona aibu kukutana na mtu yeyote, hata yule bibi anayeniita George.

Lusajo


Kilburn
16 Machi 2025

Dada yangu Vaileth,

Shikamoo, na nyingine ya shemeji, umwambie sikioni taratibu.

Barua yako ya Februari ilikuwa kwenye lile rundo mlangoni. Ilifika baada ya mimi kuondoka. Nilisoma nimesimama, nikasoma tena nimekaa chini sakafuni. Nilianza kukukasirikia, sitakuficha. Nikasema kama ungeniandikia haya Novemba! Kisha nikakumbuka kwamba hata mimi nilinunua pazia na kulificha darini, na hasira ikaisha. Tulikuwa tunafichana kitu kimoja. Julai nina likizo, nakuja kumwogesha shemeji ili Subilaga apumzike. Kazi hiyo naijua. Mpe Subilaga salamu zangu, mwambie ndaga fijo, asante sana, na usimwambie kwa niaba yangu tu, mwambie na kwa niaba yako.

Sasa nikueleze ya jana.

Nilinunua kitenge. Nilipanda treni mpaka London Bridge, nikabadilisha, nikashuka Peckham Rye. Nilimpigia Humphrey, akasema yuko kazini, njoo jioni. Nikamwambia siji kwako wewe, nakuja kwa mkeo. Akasema, "Okay, Baba."

Nilipanda ngazi pole pole kwa ajili ya magoti na kwa ajili ya woga. Nikagonga. Mlango ukafunguka, lakini hakukuwa na mtu. Kuna maboksi na makaratasi ya kufungia vyombo vya kuhama ukumbini, na sauti ikatoka nyuma ya mlango.

"Karibu, Baba. Sorry. Sitazami."

Dada, alikuwa amejibana kati ya mlango na ukuta. Amejifunika taulo la kuogea kichwani mpaka kifuani, la kijani, na uso ameugeuzia ukutani. Humphrey alikuwa amemweleza yote, akampigia simu kwamba nakuja, na akamfundisha na hilo neno, sitazami. Akaniambia kwa Kiingereza, kutoka ndani ya taulo, kwamba hakujua. Kwamba anaomba radhi kwa Jumapili zote alizokuwa akinifuata jikoni kunisalimia. Kwamba kule ziwani alinikosea sana kutaka kukunja pazia mbele ya wazazi wake. Sasa ameelewa, alisema, na hatanitazama tena, nisiwe na wasiwasi, nipite sebuleni nikae kwa amani, yeye atabaki pale.

Mimi nimekuja kumfungulia, na yeye ameshajifunga.

Nilisimama kwenye kizingiti na kile kitenge mkononi. Aibu niliyoiona ziwani ilikuwa ndogo, dada. Mtoto wa watu, nyumbani kwake mwenyewe, amejificha nyuma ya mlango kwa kunipenda. Nililia kwa sauti. Jirani alichungulia akarudi ndani.

Nikasema, "Kaisa."

Taulo likatulia. Nikarudia, "Kaisa, mwanangu. Geuka."

Akauliza kama inaruhusiwa. Nikamwambia mimi ndiye ninayeruhusu, na shangazi yenu wa Tukuyu ameniagiza. Nikanyoosha kitenge kwa mikono miwili. Alikitafuta kwa kupapasa, akakishika, kwa mara ya kwanza tumeshika kitu kimoja kwa wakati mmoja. Halafu akageuka, akavuta taulo.

Ana madoadoa, Vaileth. Madogo ya kahawia, kwenye pua na mashavuni, mengi sana, kama mtu aliyerushiwa matone ya chai. Kwenye picha za harusi walimpaka poda. Kila anayepanda naye basi hapa Peckham anayajua. Mimi ndiye nilikuwa siyajui.

Mdogo wako,
Lusajo